Come what may, no matter what, whatever happens: viulizi vya Kiingereza visivyouliza kitu

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu. Uzi huu ni kwa wanaojifunza Kiingereza na kwa wanaokifundisha. Lipo kundi la semi ambalo vitabu vingi vya sarufi hulipitia juu juu kwa mistari michache, ilhali makosa yake hujitokeza hata katika maandishi ya watu wanaoimudu lugha hiyo vizuri. Ni semi zinazobeba viulizi kama what, who, which, when, where na how, lakini hazimuulizi mtu chochote. Kazi yake ni kutamka kwamba jambo fulani litabaki vilevile, hali iwe hii au ile.

Nianze na mifano. “Whatever happens, I will stand by you,” yaani litokee lolote, nitakuwa upande wako. “No matter where they hide, we will find them,” yaani popote watakapojificha, tutawapata. “She is determined to finish her studies, come what may,” yaani ameazimia kumaliza masomo yake, liwalo na liwe. Maumbo ni tofauti, ila maana ya ndani ni moja: orodhesha mazingira yote unayoweza kuyafikiria, na katika kila moja kishazi kikuu kitabaki kuwa kweli.

Naomba tukae kidogo katika maana hiyo, kwa sababu karibu kanuni zote nitakazozitaja zinachimbuka humo. Although hukiri jambo moja ambalo tayari linajulikana: “Although the test was hard, she passed.” Mtihani ulikuwa mgumu, hilo halina ubishi, na bado alifaulu. Even if huchukua hali moja iliyo kali na kuiweka mbele kama dhana: “Even if the test is hard, she will pass.” Semi za whatever na no matter huenda mbali zaidi, kwa kuwa hazichagui hali moja. Ukisema “However hard the test is, she will pass”, umeanzia mtihani rahisi kuliko yote ukaishia mgumu kuliko yote, na matokeo hayabadiliki. Ndiyo maana Kiingereza hutumia kiulizi mahali hapa. Kiulizi huacha nafasi wazi ambamo jibu lolote linaweza kuingia, na sentensi hutangaza kwamba jibu lolote litakaloingia halitaathiri kitu.

Kanuni ya kwanza inayotokana na hayo ni ya mpangilio wa maneno. Kwa kuwa hakuna swali linaloulizwa, hakuna sababu ya kukitanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya kiima kama ifanyikavyo katika swali. Tunasema “no matter what he said”, wala si “no matter what did he say”. Tunasema “wherever she is”, wala si “wherever is she”. Kosa hili huwapata zaidi wanafunzi waliozoeshwa kwamba kila wanapoona what au where ni lazima do au did ifuate. Anayesahihisha asiishie kupiga mstari mwekundu. Amweleze mwanafunzi kwamba kishazi hiki hufuata mpangilio wa sentensi ya taarifa, kiima kwanza na kitenzi baadaye.

Kanuni ya pili inahusu wakati ujao. Kishazi tegemezi cha aina hii kina tabia ileile ya kishazi cha if: huzungumzia wakati ujao kwa kutumia umbo la wakati uliopo. “Whatever you decide, we will support you” ndiyo sentensi sahihi, na “whatever you will decide” haifai. “No matter when the train arrives, someone will be waiting.” Will hukaa katika kishazi kikuu peke yake. Sisi tuliozoea kusema “chochote utakachoamua” tunavutwa kuiweka will pande zote mbili, na inafaa mwalimu alitaje hilo waziwazi badala ya kungoja kosa litokee. Katika maandishi rasmi utakuta may: “whatever you may decide”, “whatever the outcome may be”. May hiyo haihusiani na ruhusa. Inatia mkazo kwamba jambo halijulikani, na huipa sentensi uzito wa kimaandishi. Ukiiondoa, maana haipotei.

Kanuni ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote. Kishazi cha aina hii husimama kando ya kishazi kikuu. Hakiwi kiima chake wala yambwa yake. Linganisha sentensi hizi mbili: “Whoever wins, the crowd will cheer” na “Whoever wins will get a medal.” Katika ya kwanza, kishazi kikuu kimejitosheleza, kwani umati ndio utakaoshangilia, na ushindi wa huyu au yule haubadili lolote. Katika ya pili, “whoever wins” ndiyo kiima cha “will get”; anayepewa medali ni yule atakayeshinda, kwa hiyo mshindi ana umuhimu wote. Maneno yanayoishia na -ever yana kazi hizo mbili, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. No matter ina kazi moja tu. Basi itumieni kama kipimo: weka no matter who mahali pa whoever. “No matter who wins, the crowd will cheer” imekubali, kwa hiyo tuko ndani ya mada yetu. “No matter who wins will get a medal” imekataa, kwa sababu sentensi imebaki bila kiima. Ukitaka kuinusuru, mpe kiima chake: “No matter who wins, he or she will get a medal.”

Sasa niingie katika jambo lililonifanya nianzishe uzi huu. Semi hizi ni za aina mbili, na makosa mengi hutokea pale aina moja inapotendewa kama nyingine. Aina ya kwanza ni mifumo hai. Katika mfumo hai unapewa kichwa cha kishazi, kisha unajaza mwenyewe kiima na kitenzi upendavyo: whatever she says, wherever we go, whoever you are, no matter how they do it. Aina ya pili ni semi zilizoganda. Hizo hukaririwa nzimanzima na haziguswi: come what may, be that as it may, say what you will. Mwanafunzi anayejaribu kuiandika upya come what may kwa kuwa haimwelei huishia kuandika “comes what may” au “come whatever may”, na zote mbili si Kiingereza sanifu. Kwa upande wa pili, mwanafunzi anayeukariri “no matter what happens” kana kwamba umeganda hashughulikii hazina kubwa ya sentensi ambazo angeweza kuzitunga kwa mfumo uleule.

Katika mifumo hai, how na however ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu haziji peke yake. Huja na kivumishi au kielezi, na neno hilo ni lazima ziandamane nalo. “However hard he works, he is never satisfied.” Hard imekaa papo hapo baada ya however. Ukiandika “however he works hard”, umeitenganisha ndoa hiyo na msomaji atapotea. Ni vivyo hivyo kwa no matter how: “no matter how tired you are”, si “no matter how you are tired”. Mambo huzidi kuwa magumu pale nomino inapoongezeka. Kwa nomino ya umoja inayohesabika, a hukaa kati ya kivumishi na nomino: “however good a singer she is”, “no matter how small a mistake it was”. Mpangilio huu huwashangaza wanafunzi kwa kuwa kila mahali pengine wamefundishwa “a good singer”, lakini hapa how imekivuta kivumishi mbele na kuiacha a nyuma. Nomino ikiwa ya wingi au isiyohesabika, mfumo huo haufai. Njia salama ni kuitanguliza nomino kama kiima: “however good the singers are”, “no matter how useful the advice is”. Much na many hazina shida hiyo, kwa sababu hushikamana na nomino moja kwa moja: “however much money they spend”, “no matter how many times you ask”.

Whatever na whichever nazo hubeba nomino: “whatever excuse he gives”, “whichever road you take”. Tofauti kati yake ni kwamba whichever hudai kundi linalojulikana, kama barabara mbili au tatu zilizo mbele yako, na whatever huacha uwanja wazi kabisa. Kuhusu why, lugha ina pengo: whyever ni nadra mno na haitumiki katika mfumo huu, kwa hiyo husemwa “no matter why he did it” au “whatever his reasons”.

Mfano huo wa mwisho unaonyesha sifa nyingine nzuri ya mifumo hii. Kitenzi be kinaweza kuachwa pale ambapo kiima ni nomino kamili: “whatever the weather”, “whatever your age”, “whatever the reason”. Kwa however, kiima na kitenzi vyote viwili vinaweza kuondoka: “Every contribution, however small, is welcome.” Kiima kikiwa kiwakilishi, kitenzi hakiachwi, huwezi kusema “whatever it” ukakomea hapo. Napenda sana ufupi huu, kwa kuwa huipa aya wepesi ambao vishazi virefu huunyima, na ningependa wanafunzi wa viwango vya juu wauzoee.

Nije kwenye semi zilizoganda. Come what may ina umbo geni kwa sababu kitenzi come hapo kiko katika dhamira tegemezi, umbo la zamani la kutamka matakwa au dhana, ambalo halichukui -s hata kwa nafsi ya tatu. Ukitaka kuona mifupa yake, tazama inavyoonekana katika Macbeth ya Shakespeare, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623: “come what come may”. Hapo come ya pili bado ipo, na maana inajieleza: na lije lile litakalokuja. Leo come ya pili imeanguka na usemi umebaki na maneno matatu yasiyopanguliwa. Cost what it may, yaani kwa gharama yoyote ile, imejengwa kwa namna hiyohiyo, japo hutumika mara chache zaidi.

Say what you will na ndugu yake say what you like ni mwaliko wa kuonekana tu: sema utakalo, msimamo wangu uko palepale. “Say what you will about him, he keeps his promises.” Will hapa haielezi wakati ujao, inabeba maana yake ya kale ya kutaka, kwa hiyo haivunji kanuni ya pili niliyoitaja. Be that as it may haina kiulizi ndani yake, lakini ni jirani wa karibu na watu huichanganya na come what may. Tofauti ni ya mwelekeo. Come what may hutazama mbele, kwenye yale ambayo hayajatokea. Be that as it may hutazama nyuma, kwenye hoja ambayo mwenzako ameitoa punde, unaikubali au kuiacha ilivyo, kisha unaendelea na yako: “You say the plan is expensive. Be that as it may, we have no other.” Anayeandika “I will love you, be that as it may” ameugeuza usemi kuelekea upande usio wake.

Mwisho wa sehemu hii, mitego miwili. Wherever possible na whenever necessary zina sura ya mada yetu, lakini si sehemu yake. “Use short sentences wherever possible” haimaanishi kwamba iwezekane au isiwezekane. Inamaanisha mahali ambapo inawezekana. Kipimo cha no matter huikataa mara moja. Mtego wa pili ni alama ya mkato baada ya however. “However you explain it, he does not listen” inasema kwamba uelezavyo kote hasikii. Ukiandika “However, you explain it”, however imekuwa kielezi chenye maana ya hata hivyo, na sentensi imekuwa nyingine kabisa.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa ufafanuzi. Nina swali kuhusu it doesn't matter. Mimi huandika “It doesn't matter what you say, I am leaving.” Mhariri mmoja aliniambia kwamba sentensi hiyo ina kasoro, lakini hakufafanua. Je, si sawa na no matter what?

Mwanzisha uzi

Ndugu, maana ni ileile, ila muundo ni tofauti, na mhariri wako alikuwa na hoja. “It doesn't matter what you say” ni sentensi kamili yenye kiima na kitenzi chake. Ukiiunganisha na “I am leaving” kwa mkato peke yake, umeziunganisha sentensi mbili huru bila kiunganishi, jambo ambalo Kiingereza rasmi hakilikubali ingawa katika mazungumzo husikika kila siku. Weka nukta au nukta-mkato kati yake. No matter, kwa upande wake, ni mabaki ya sentensi kamili, it is no matter, iliyopoteza kiima na kitenzi. Kwa kupoteza huko imeshuka na kuwa kichwa cha kishazi tegemezi, ndiyo maana mkato unaitosha. Regardless of na irrespective of nazo zinaingia katika nafasi hiyohiyo: “regardless of what you say, I am leaving.” Usisahau of katika maandishi rasmi.

Mchangiaji wa pili

Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari na ningependa kuongeza jambo kuhusu whoever na whomever, kwa sababu mwanzisha uzi hakuligusa. Wanafunzi wenye bidii hupenda kuandika whomever wakidhani ndiyo yenye heshima zaidi. Kanuni ni kwamba umbo huamuliwa na kazi ya neno ndani ya kishazi chake lenyewe, wala si na neno linalotangulia kishazi hicho. “Give it to whoever comes first” ni sahihi, kwa sababu whoever ni kiima cha comes, ingawa imetanguliwa na to. “Whomever you ask, the answer is the same” ni sahihi pia, kwa sababu you ndiye kiima na whomever ni yambwa ya ask. Hata hivyo, katika Kiingereza cha leo “whoever you ask” imekubalika mno hivi kwamba simwadhibu mwanafunzi anayeiandika. Namwadhibu anayeandika “whomever comes first”, kwa kuwa hilo ni kosa linalotokana na kujaribu kuonekana sahihi.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, nakubaliana nawe kikamilifu, na nashukuru kwa nyongeza hiyo. Kwa anayetaka kukwepa mtanziko huo wote, no matter who hufaa mahali popote katika mada yetu: “no matter who you ask” haitamkera mtu yeyote ila wale wachache mno wanaodai whom kila mahali.

Mchangiaji wa tatu

Naomba msaada katika mambo mawili. La kwanza, je, “no matter the cost” ni sahihi au ni lazima niandike “no matter what the cost is”? La pili, je, ninaweza kuanza kishazi kikuu kwa but? Kwa mfano: “No matter how tired she is, but she wakes up early.”

Mwanzisha uzi

Nianze na la pili, kwa kuwa halina mjadala. But haiingii hapo. Kosa hili ni ndugu wa “Although he is poor, but he is happy”, na chanzo chake ni kwamba katika lugha yetu “ingawa” huandamana na “lakini” bila shida yoyote. Katika Kiingereza, kishazi tegemezi kimekwisha kubeba maana ya ukinzani, na but ni kiunganishi cha vishazi vyenye hadhi sawa. Ukiviweka pamoja, kishazi kikuu kinakosa mahali pa kusimama. Ukitaka kusisitiza ukinzani, tumia still, ambayo ni kielezi na haigombani na chochote: “No matter how tired she is, she still wakes up early.”

La kwanza lina utata kidogo. Umbo kamili ni “no matter what the cost is”, na lililopunguzwa ni “no matter what the cost”. “No matter the cost” imekwenda hatua moja zaidi na kuondoa hata kiulizi. Waandishi wazuri huitumia, na maana yake haina shaka, hivyo siiiti kosa. Lakini baadhi ya walimu na wasahihishaji wa mitihani bado huitilia shaka, na kwa hiyo ushauri wangu kwa mtahiniwa ni kuandika “whatever the cost”, ambayo ni fupi vilevile na haina anayeipinga.

Mchangiaji wa nne

Je, come what may inabadilika inapotumika katika masimulizi ya wakati uliopita? Naona try as he might ina might, kwa hiyo nilidhani ni lazima niandike come what might.

Mwanzisha uzi

Swali zuri sana. Try as he might si usemi ulioganda kwa kiwango kilekile. Ni mfumo wenye nafasi mbili zilizo wazi, kiima na kitenzi kisaidizi. Unaweza kusema “try as I may, I cannot remember” kwa wakati uliopo na “try as she might, she could not remember” kwa wakati uliopita. Come what may haina kiima cha kubadilisha, na leo hubaki ilivyo hata masimulizi yakiwa ya wakati uliopita: “He had promised to return, come what may.” Come what might hupatikana, hasa katika masimulizi ya kale, na atakayekutana nayo asiihesabu kuwa makosa ya uchapaji, lakini anayeandika leo hana sababu ya kuiiga.

Kuhusu mahali pa kuuweka usemi huo, unaweza kuja mwanzoni, katikati au mwishoni, na kwa kawaida hutengwa kwa mkato. No matter what ni huru zaidi: ikiwa mwishoni mara nyingi haihitaji mkato, kama katika “I will finish it no matter what.” Angalieni pia kwamba what ndiyo inayokubali kwa urahisi kuachwa bila kishazi baada yake. No matter who na no matter how kwa kawaida hungoja kukamilishwa.

Mchangiaji wa kwanza

Narudi tena, ndugu. Nimewasikia wazungumzaji wa Kiingereza wakijibu kwa neno moja tu, “Whatever.” Je, hiyo nayo ni ya kundi hili, na je, ninaweza kuitumia ninapotaka kumwambia mtu kwamba nitakubali uamuzi wake wowote?

Mwanzisha uzi

Asili yake ni humu, lakini tafadhali usiitumie kwa nia hiyo. Ikisimama peke yake kama jibu, whatever humaanisha kwamba anayejibu hajali, au amechoka na mazungumzo, na mbele ya mtu unayemheshimu ni utovu wa adabu. Unachokitaka wewe husemwa kwa kishazi kamili: “Whatever you decide is fine with me.” Na ukiipima kwa no matter utaona kwamba kishazi hicho ni kiima cha is, kwa hiyo kiko katika ile kazi ya pili ya maneno ya -ever.

Lipo tumizi moja lililo karibu na hilo ambalo ni zuri na halifundishwi vya kutosha. “Whatever you do” ikitangulizwa mbele ya amri ya kukataza haizungumzii tena matendo yote. Inakuwa onyo zito lenye maana ya nakusihi sana. “Whatever you do, don't touch that wire.” Anayesema hivyo anamwambia mwenzake kwamba katika yote anayoweza kuyafanya, hili moja asilithubutu. Kitenzi kinachofuata huwa katika ukanushi karibu kila mara, na sauti hupanda kwenye don't. Ukitaka mwanafunzi aukumbuke usemi huu, mpe mazingira yenye hatari ya kweli, kama vile waya wa umeme, mlango usiopaswa kufunguliwa au dawa isiyopaswa kunywewa na mtoto, kisha mwachie atunge onyo lake mwenyewe.